Ahmednur na Mshipi wa Kusuka

Mume wangu Ahmednur alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: alijua kila kitu. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nimeishi naye miaka mingi na ningeolewa naye tena kesho. Lakini ukweli usemwe. Gari la mtu likizimika mtaani kwetu Bula Pesa, kabla hajaulizwa, yeye ameshafungua boneti. Na mara nyingi alikuwa sahihi, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Babu yake alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza, akastaafu, akabaki. Baba yake alinunua lori, na Ahmednur akakulia ndani ya lori hilo mpaka likawa lake. Mimi nilitoka upande wa Sericho, kwa watu wa ngamia. Kwetu samaki si chakula. Si haramu, lakini tulimwona anayekula samaki kuwa ni mtu aliyekosa mifugo, tukamhurumia.

Sasa fikiria uchungu wangu mwaka 1974, miaka mitatu baada ya harusi, mume wangu aliporudi nyumbani na ufito mrefu na mashine ndogo ya kuzungusha uzi. Alikuwa amemwendesha injinia mmoja wa barabara mpaka Moyale na kurudi, na injinia alipomaliza kazi akamwachia vyombo vyake vya kuvulia. Tangu siku hiyo kila akipata nafasi alikwenda mto Ewaso Nyiro, akarudi na kambare, akawapika mwenyewe nyuma ya nyumba kwa sufuria moja kuukuu.

"Hiyo kitu yako isiguse sufuria yangu," nilimwambia.

"Haye, sawa," akajibu. "Utakula siku moja, mama Deqa. Wallahi utakula."

Kwa miaka tisa haikugusa.

Mwaka 1982 lori lilipinduka barabara ya Marsabit. Ahmednur alitoka hai, alhamdulillahi, lakini goti lake la kushoto halikukunjika tena. Dereva asiyeweza kukanyaga klachi si dereva. Lori lenyewe lilibaki vyuma tu.

Alikaa nyumbani miezi minane. Halafu mdogo wake, Abdillahi, mwenye ng'ombe wengi kule Sericho, akatuma salamu: tuhamie kwake, chakula kipo, Jumamosi ya mwisho ya Februari atakuja na lori kutuchukua. Alikuwa na nia njema na sikumchukia. Lakini nilijua maana yake. Binti yetu Deqa alikuwa darasa la sita na wa kwanza darasani. Shule yake ingeishia hapo. Na Ahmednur, mtu aliyepeleka unga na sukari nusu ya wilaya, angekaa kwenye mkeka wa mdogo wake akingoja kumiminiwa chai. Hiyo ingemuua kabla ya goti.

Ndipo akamwendea Kirimi, Mmeru aliyekuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya masista. Masista hawali nyama Ijumaa.

"Dereva," Kirimi akamwambia, "mimi sina shida na wewe. Lakini masista wanataka samaki, hawataki hadithi. Nakupatia Ijumaa tatu. Hiyo ya tatu ukileta karai mbili zimejaa, kazi ni yako kila wiki. Ukikosa, naagiza samaki mkavu kutoka kwa yule jamaa wa Lodwar."

"Karai mbili?" Ahmednur akacheka. "Tafuta ya tatu."

Ijumaa ya tatu ilikuwa siku moja kabla ya lori la Abdillahi.

Wiki ya kwanza alileta nusu karai. Alipoteza kambare wakubwa saba, akanieleza kila mmoja kama marehemu. Tatizo, alisema, ni mshipi. Ulikuwa wa nailoni, ule uzi mmoja unaong'aa kama kioo, na nailoni inavutika kama mpira. Kwa sababu ya mamba alivulia juu ya mwamba, mbali na maji. Kambare akiuma kule ng'ambo naye akivuta, nguvu yote inaishia kwenye uzi. Ndoano haiingii katika ule mdomo wa mfupa. Tena nailoni ilikuwa imekaa ndani ya lori kwenye joto miaka mingi, imejikunja kama springi ya godoro, ikitupwa inajifunga mafundo.

Jumatatu alipanda gari kwenda Nanyuki, kwenye duka linalouzia wazungu wanaovua samaki wa mlimani. Akarudi na mshipi wa kusuka, mweupe, nyuzi nyembamba zimesukwa pamoja kama nywele za msichana. Haukuvutika hata kidogo. Alinipa nivute upande mmoja naye akashika mwingine, akaugusa kwa kidole, nikausikia mguso huo mkononi mwangu.

"Unasikia? Samaki akipumua tu, najua."

Akang'oa nailoni yote kwenye bobini, kile kigurudumu cha chuma kinachobeba uzi wa mashine, akaitupa pembeni. Akafunga mshipi mpya moja kwa moja juu ya chuma kitupu, akauzungusha mpaka ukajaa, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyopiga tairi. Nilimwona, lakini mashine si mambo yangu.

Alhamisi jioni akarudi na kambare wanne wadogo na uso mweusi.

Wakubwa waliuma, alisema. Safari hii ndoano iliingia sawasawa. Lakini kila akizungusha mkono wa mashine, mshipi hauji. Anazungusha, samaki anakwenda zake, anazungusha, samaki anakwenda, mpaka ndoano inachomoka. Kule mbele bobini ina skrubu ya breki ya kumzuia samaki. Aliikaza mpaka mwisho na bado.

"Ni klachi," akasema. "Klachi inateleza."

Nani angembishia? Maisha yake yote, chochote kilichozunguka bila kuvuta kilikuwa klachi. Siku tatu nzima alikaa uani amenyoosha mguu wake mbovu, amefungua mashine yote juu ya gunia. Alisafisha sahani za breki kwa mafuta ya taa. Alikata nyingine za ngozi kutoka kwenye kiatu chake. Akafunga, akajaribu, akafungua. Kirimi alikuwa ameshampelekea salamu kwamba imebaki Ijumaa moja. Na mimi nilikuwa nimeanza kufunga vyombo kwenye makatoni. Deqa aliyaona makatoni, akaenda kukaa na vitabu vyake. Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga mtu, na mtu wa karibu alikuwa Ahmednur.

Nikaenda uani, nikamnyang'anya ile bobini.

"Shika uzi," nikamwambia. "Vuta kwa nguvu."

Akavuta. Bobini haikusogea mkononi mwangu hata kidogo; niliibana kabisa, wala breki haikuhusika. Lakini mshipi ulikuja. Bonge lote la uzi lilikuwa linazunguka juu ya chuma, zima zima.

Niliwahi kuona jambo hilo nikiwa na miaka tisa. Ngamia ana mgongo wenye hila. Ukifunga mzigo juu yake mtupu, hata ukaze kamba mpaka alie, hatua mia moja tu mzigo wote umezunguka umeingia tumboni. Siku nilipofanya hivyo, mama yangu alinichapa mbele ya msafara. Kwanza unalaza herio, ile mikeka minene ya nyuzi. Mikeka inashika mgongo, na mzigo unashika mikeka.

"Klachi yako ni nzima," nikasema. "Umepakia bila herio."

"Wewe unajua nini mambo ya mashine?"

"Mashine sijui. Kuteleza najua. Chuma ni laini, uzi wako ni laini, nani atamshika mwenzake? Hiyo nailoni ulitupa, iko wapi?"

Alinikazia macho. Mtu anayejua kila kitu akikutazama hivyo, usicheke. Mimi nilicheka. Basi akanyoosha mkono, akaiokota nailoni pembeni, akakata kipande kile ambacho hakijachakaa sana. Akaufungua mshipi wote, akaifunga nailoni kwenye chuma, ikajikaza yenyewe ikauma. Akazungusha tabaka chache huku mimi nikiubana uzi kwa kitambaa kibichi usilegee. Kisha akaunga mshipi wa kusuka juu yake kwa fundo dogo, tukajaza bobini. Akavuta. Akavuta tena, mpaka mshipi ukamkata kidole, damu ikatoka.

"Umeshika," akasema, akinyonya kidole. Hakusema asante. Lakini alisema, "Alhamisi unakuja na mimi."

Nilikwenda. Nilikaa juu ya mwamba na magunia mabichi, maana kambare hafi upesi akiwa ndani ya gunia bichi, na nikamwona mume wangu akifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu goti. Wa kwanza aliuma kabla jua halijapanda. Ahmednur aliinua ufito mara moja tu, ukapinda, akazungusha, na mshipi ukaja. Ukaja! Alipiga kelele kama anashuka mlima bila breki. Kufikia adhuhuri tulikuwa na kumi na wanne, na mmoja alikuwa mrefu kama mkono wangu na bega lake.

Ijumaa asubuhi Kirimi alitazama karai mbili, akatazama ya tatu.

"Dereva," akasema, "kumbe hukuwa unatania. Basi, wiki ijayo tena."

Yule mkubwa Ahmednur alirudi naye nyumbani ndani ya gunia bichi, na Jumamosi asubuhi akaenda nyuma ya nyumba kutafuta sufuria yake kuukuu. Hakuipata, maana nilikuwa nimeitupa. Nilifungua katoni, nikatoa sufuria yangu, ile niliyopewa na mama siku ya harusi. Nikamtia kambare humo na kitunguu, nyanya na ndimu. Ahmednur alisimama mlangoni, asinifundishe kupika, na hilo halijawahi kutokea tena.

Jumamosi mchana Abdillahi alifika na lori. Aliona makatoni yamefunguliwa, akamwona Deqa anafanya hesabu zake, akasikia harufu.

"Salaam aleikum. Shemeji, hiyo ni nini?"

"Aleikum salaam. Ni kazi ya kaka yako," nikasema. Nikakaa chini, nikajipakulia mimi kwanza, nikala mbele yake. Halafu nikampa sahani yake.