Fimbo ya Umande Iliyokosa Mwenyewe

Lile joka la pangoni lina vichwa saba, na mimi nalijua kuliko ninavyowajua mawifi zangu. Kwa miezi saba, kila Jumapili baada ya ibada na baada ya makande, nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu hapa Lushoto, simu mkononi, nikipambana nalo. Silipigi mimi. Mimi ni mponyaji. Kazi yangu kwenye gemu ni kusimama nyuma ya wenzangu na kuwarudishia uhai kila wanapong'atwa, yaani ileile ninayoifanya nyumbani siku sita nyingine, ila kwenye gemu navaa kanzu nyeupe isiyochafuka.

Siku za kazi nachambua karoti kwenye banda la mboga, nimesimama tangu asubuhi mpaka kivuli cha mlima kiingie mlangoni. Karoti nilizochambua mimi, ukizipanga mstari mmoja, zinafika Tanga mjini na kurudi, na za kutia kwenye mchuzi zinabaki. Ikifika Jumapili mgongo wangu una miaka mia mbili, wakati mwenyewe nina arobaini na mmoja.

Timu yetu ni ya watu watatu, kila mmoja yuko kwake, tunasikilizana humohumo kwenye simu. Mbeba ngao ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mkulima wa chai kule Mponde. Yeye hutangulia, joka linamng'ata, anapiga kelele. Mchawi wa moto ni mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya jioni, mstaafu anayeishi Bumbuli. Ndiye aliyenivusha kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na sita na mtoto mgongoni. Baadaye aliugua, mkono wa kulia ukafa ganzi, akaambiwa afanye mazoezi ya vidole. Walimpa mpira wa kuminya. Akasema mpira hauna akili. Shemeji akamwekea gemu kwenye simu, na sasa Mwalimu anarusha moto taratibu, kama anayeandika hesabu ubaoni, hatua kwa hatua.

Joka likifa, linaangusha kitu kimoja, na Jumapili inayofuata liko hai tena. Simu inamuuliza kila mmoja wetu, na inahesabu sekunde kumi. Vitufe vimeandikwa Kizungu, lakini sisi tumevipa majina: Nahitaji, Natamani, Napita. Adabu yake inajulikana na kila mchezaji. Ngao ni ya mbeba ngao. Kofia ya mchawi ni ya mchawi. Ukibonyeza Nahitaji kwa kitu kisicho cha kazi yako, unaonekana kama mtu aliyekuja msibani na hotipoti yake.

Mimi nilikuwa naitafuta Fimbo ya Umande. Mponyaji akiwa nayo, majeraha yanafunga kabla mtu hajamaliza kusema "aa". Bila hiyo nilikuwa nachelewa, wenzangu wanakufa, na lawama inakuja kwangu. Mchawi naye anaweza kuishika, ila mikononi mwake ni mkongojo tu wenye taa.

Basi Jumapili moja joka likafa, na pale chini pakawaka bluu.

"Shemeji!" Simu ilitaka kupasuka kwa sauti ya mdogo wa mume wangu. "Imeanguka! Ndiyo yenyewe!"

Niliiona. Kidole changu kilishafika kwenye Nahitaji. Halafu nikakumbuka kwamba Mwalimu naye anashika fimbo, na hajasema neno.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo firigisi ilikuwa ya baba. Paja la mgeni, kidari cha kaka zangu. Mama alikula shingo, akasema shingo ndiyo tamu, na mimi nilimwamini mpaka nikaolewa. Mtu aliyelelewa hivyo hatangulizi mkono bakulini mbele ya mkubwa. Anasema "nimeshiba", anaambiwa "kula bwana", anasema "hapana, asante", anaambiwa tena, ndipo anapokea kwa mikono miwili. Nikabonyeza Napita, nikasubiri kusihiwa.

Gemu haisihi. Sekunde zikaisha, ile bluu ikazimika kama kibatari kilichopulizwa.

"Nani kaichukua?" akauliza Shemeji.

"Si wewe?"

"Mimi nimepita, ya nini kwangu? Mwalimu?"

"Nimepita," akasema Mwalimu. "Ile ni ya mponyaji."

"Sasa wewe shem, kwa nini umepita?"

"Nilikuwa namwachia Mwalimu."

"Na Mwalimu anakuachia wewe! Nyie wawili mkifika peponi mtabaki mlangoni. Karibu, hapana, tangulia, aa, wewe kwanza. Malaika watafunga, waende zao!"

Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nilichoka siku ile, uchovu ambao hata usingizi wa mwezi mzima usingeupunguza. Miezi saba, na fimbo imepotea kwa sababu wote tumepita. Na hakuna aliyeninyang'anya, hata wa kumlaumu sikuwa naye. Niliinuka nikaenda kuosha sufuria la makande.

Jumatano Mwalimu alinipigia, niko bandani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Darasani ulikuwa hunyooshi mkono, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Jibu unalo, umelificha kwenye daftari, unasubiri mpaka yule mzee wa posta uliyekuwa unasoma naye akosee kwanza. Mimi nilikuwa naliona. Sasa sikiliza. Daktari wa macho amenikataza simu. Nimemwomba Jumapili tatu. Kikianguka kitu cha kazi yako, ukipita tena nitakuja huko Lushoto na chaki."

Jumapili ya kwanza ukungu ulishuka na mtandao ukaondoka nao. Shemeji alikufa mara elfu moja, nyingine nikimtazama tu, simu imeganda. Jumapili ya pili vikaanguka viatu vya chuma. Shemeji akabonyeza Nahitaji huku anaimba, hajui hata aibu inauzwa duka gani, na mimi nikamwonea wivu.

Jumapili ya tatu joka lilikufa jioni, mgongo wangu umeshakataa kuinuka. Ikaanguka pete. Si ya ajabu. Ilikuwa pete ya kuongeza nguvu kidogo, kwa mchawi na kwa mponyaji sawasawa. Kumi, tisa, nane. Nikapeleka kidole kwenye kitufe kana kwamba nakwenda kumtukana askofu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba."

Nikabonyeza Nahitaji.

Kabla sijapumua, jina lake likatokea chini ya langu. Naye kabonyeza Nahitaji.

"He! Mwalimu!" Shemeji akapiga yowe. "Na leo ndiyo siku yako ya mwisho!"

"Ndiyo maana. Nataka kustaafu na pete."

Watu wawili wakihitaji kitu kimoja, gemu inawapa namba kwa bahati, moja mpaka mia, na kubwa ndiyo inashinda. Mimi nikapata kumi na mbili. Mwalimu akapata tisini na moja. Kwenye skrini yule mchawi mzee akavaa pete yake, akainua mkono wa kulia, akaushusha.

"Nimekosa, Mwalimu," nikasema.

"Umekosa, ndiyo. Lakini umenyoosha."

Akatuaga, akasema anakwenda kumpa mjukuu simu aifute gemu kabla yeye mwenyewe hajabadilisha mawazo. Shemeji akaniuliza kama Jumapili ijayo tutaliweza joka wawili tu, bila mchawi. Nikamwambia hatuliwezi, litatutafuna sote, yeye na viatu vyake vya chuma. Akauliza, kwa hiyo saa ngapi?

Nikamwambia saa zilezile, baada ya makande.