Nafasi ya Mtu Mmoja

Kapteni Theuri wa Giakanja alikuwa na sheria moja aliyowafundisha marubani wote wachanga pale Nanyuki: mlimani, anayeshindwa kupumua hubebwa kwanza, aliyevunjika mfupa hungoja. Haijalishi ni nani. Aliirudia mpaka wakamtania kwamba ataitaja hata kwenye harusi yake.

Asubuhi moja ya Februari 1979, polisi na wapagazi waliokuwa wakimtafuta mpanda mlima aliyepotea waliita kwa redio: wawili wao hawawezi kutembea. Theuri aliruka kwa helikopta na fundi wake, Wasike, saa moja unusu. Alijua kuwa kufikia saa nne mawingu yangepanda kutoka msituni na kulifunga bonde walimokwama.

Hakuna aliyejua kutua kule kumshinda. Alipazunguka mahali pale mara mbili, akatazama nyasi zinalalia wapi, akamwambia Wasike aangushe kopo la moshi. Kisha akalikaribia jiwe pana polepole, pua ya helikopta ikikabili upepo, upande wa mteremko akiuacha wazi ili injini ikichoka apate pa kukimbilia. Akatua bila kutikisa jiwe hata moja. Kule juu hewa ni nyepesi na injini hukosa nguvu. Alipoisoma mishale ya vipimo, alijua angebeba mtu mmoja tu.

Konstebo Masinde alikuwa amelala chali, midomo imekuwa ya zambarau, povu la waridi likimtoka. Kando yake alikaa mpagazi wa Othaya, mguu umevunjika chini ya goti. Theuri alimtambua mara moja. Alikuwa Ngatia, kaka mkubwa wa Wachuka, mchumba wake. Baba yao alikuwa amekufa, na Jumamosi ile ilikuwa siku ya ngurario, mbuzi wa kukamilisha ndoa. Bila neno la Ngatia, mbuzi hawangechinjwa.

"Muthoni!" Ngatia aliita, kama wakwe wanavyoitana. "Kumbe ni wewe! Mungu ako."

"Ngoja kidogo. Narudi baada ya dakika arobaini."

"Ningoje? Ati uniache kwa hii baridi, halafu Jumamosi uje kwangu na mbuzi?" Alijaribu kucheka, meno yakagongana. "Utamwambia Wachuka nini?"

Wasike alikuwa amekwisha kumshika Masinde mabegani. "Afande, huyu anapumua kama sufuria inachemka. Mfupa ungoje. Si ni wewe ulitufundisha?"

Theuri alitazama bondeni. Palikuwa peupe kabisa, bila wingu. Dakika arobaini tu.

"Mpakie Ngatia."

"Afande?"

"Nimesema."

Wasike alimlaza Masinde chini taratibu, akamfunika kwa koti lake mwenyewe.

Waliporudi, mawingu yalikuwa yamewahi kuliko alivyodhani; bonde lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Theuri alijaribu mara tatu kuingia, na mara tatu akageuka, jiwe lisionekane. Mafuta yakamlazimisha kurudi. Wapagazi walimbeba Masinde kwa machela. Alikata roho kabla hawajafika msituni.

Ripoti ilisema mawingu. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyemwuliza Theuri lolote. Wasike aliitia sahihi, kisha akaomba uhamisho.

"Afande," alisema akifunga begi, "hiyo sheria usiifundishe tena."

Jumamosi, huko Othaya, Ngatia alisimama kwa magongo akamsifu mkwe asiyewaacha watu wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Theuri alikata kiande, bega la mbuzi, kama mila inavyotaka. Alijua kuwa saa ile ile, huko Kimilili, Masinde alikuwa akizikwa.

Jumatatu marubani wachanga walikaa darasani wakamngoja. Alifika, akafungua daftari, kisha akalifunga. Hakufundisha tena.

Sheria ile aliivunja mara moja, kwa ajili ya mkwe. Iligharimu maisha ya Konstebo Masinde, mwenye miaka ishirini na sita.