Mavi ya Uwanja wa Mnada

Kosa langu la kwanza katika kazi ile lilikuwa kufagia kupita kiasi.

Baraza, kule Kajiado, lilikuwa limeacha kuajiri wafagiaji wake na kuanza kuwapa watu binafsi kandarasi. Mimi nikapata uwanja wa mnada wa ng'ombe wa Kitengela. Mambo ya tenda nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma makaratasi ya watu. Mkataba ulitaka uwanja uwe mtupu kabla ya giza, na kifungu hicho kilininyima usingizi. Mnada wa kwanza ulipoisha nilizoa mavi, chupa na karatasi za nailoni, vyote pamoja, nikavitupa kwenye shimo la taka. Kisha nikarudi kuokota nyasi.

Asubuhi walikuja akina mama wa Kimaasai na makarai yao.

"Wewe kijana, mavi iko wapi?" mmoja akauliza.

"Nimesafisha, yeyo," nikajibu, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Umesafisha ama umeiba?"

Wenzake wakacheka. "Wacha huyo layioni. Amesomea kufagia!"

Layioni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Mimi nilikuwa na ndevu.

Aliyeniuliza hakucheka. Alikuwa akimjengea binti yake nyumba, paa limekandikwa nusu kwa mavi ya ng'ombe, na mawingu ya masika yalikuwa yameshuka. Ng'ombe wao walikuwa kwenye malisho ya mbali tangu kiangazi, kwa hivyo mavi mabichi aliyategemea ya mnadani. Nilimpeleka shimoni. Akatia mkono, akatoa kipande cha chupa, akajifuta kwa shuka.

"Hii sasa ni takataka," alisema, akaondoka.

Mvua ilinyesha kabla ya mnada uliofuata. Paa likaporomoka. Niliambiwa, sikuthubutu kwenda kuona.

Mnada uliofuata niliyatenga mavi kando ya ua, bila chupa hata moja. Jioni hiyohiyo akaja mkaguzi wa baraza.

"Hii ndiyo safi yako?"

"Ni ya akina mama. Watachukua asubuhi."

"Hao akina mama wako kwa mkataba?"

Hawakuwemo. Kandarasi yangu haikuongezwa.

Baadaye nilipata nyingine, ya soko la Kajiado mjini. Kabla ya kutia sahihi nilishinda sokoni siku nzima nikiwauliza watu nani huchukua nini, nikaomba majibu yao yaingizwe kwenye mkataba. Vifungu bado vinaninyima usingizi, lakini situpi tena kitu kabla ya kujua ni cha nani.