Joka la Karibu na Kapolowe

Harufu ya asidi ilipotea Likasi, mji wetu wa viwanda vya shaba huko Kongo, mwaka nilipotimiza miaka kumi. Zamani ilitoka kiwandani kila asubuhi, ikatukereketa koo na kutoboa nguo kambani, na mama aliilaani kila alipoanika. Kisha mitambo ikanyamaza mmoja baada ya mwingine, hewa ikawa safi, na baba, fundi wa kuchonga vyuma, akawa anashinda nyumbani akikaza skrubu za viti ambavyo havikulegea. Walimu nao walikuwa kwenye mgomo. Mtaa mzima ulikuwa na hewa nzuri na hauna la kufanya.

Ndipo tukapata boksi. Mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia baba katoni ya vitabu, na ndani yake mlikuwa na kitabu cha mchezo pamoja na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Dada yangu Solange, wa miaka kumi na sita, alipambana na Kifaransa chake siku tatu, kisha akatueleza: yeye atasimulia, sisi tutakuwa watu wa ndani ya hadithi, tuseme tunafanya nini, na dadu iamue kama tumefaulu. Kulikuwa na watu wafupi wenye ndevu wanaochimba madini milimani. Hao hawakuhitaji maelezo, walijaa Kambove, mji wa migodi jirani na wetu.

Tulicheza barazani pamoja na mapacha wa jirani, tena kwa kelele. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Asubuhi moja Solange alipaza sauti, "Mashetani watatu wanaingia!" na hapohapo akaingia Mama Régine, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaa wetu, Biblia kwapani, mkononi mbabula yake, jiko la mkaa, imejaa makaa mekundu.

"Leta ile kitabu," akasema. "Tunaichoma sasa hivi."

Mama, aliyemwogopa kuliko kasisi, akakinyanyua kitabu. Mimi nikaanza kulia. Solange hakulia.

"Sawa, Mama Régine. Lakini iko bantu ndani ya pango. Ile nyoka mukubwa iliwafungia. Kama tunachoma sasa, bote banakufa."

"Bantu gani?"

"Kijiji muzima."

"Ya wapi?"

Dada yangu alifikiri kidogo. "Karibu na Kapolowe."

Mama Régine alizaliwa Kapolowe. Aliweka mbabula chini. "Beko na chakula?" akauliza, akaketi.

Hakuturuhusu kupigana na joka. "Juu ya nini munapigana naye? Mumuulize kwanza kama iko na njala." Akaishika dadu, akaiombea kwa sauti iliyofika barabarani, akairusha. Ishirini! Joka likafungua pango, na kwa amri ya Mama Régine likabatizwa katika mto Lufira, jambo lililochukua saa nzima kwa sababu ya ukubwa wake. Wakati huo mama, asiyepoteza makaa, alikuwa amekwisha kuteleka maharagwe juu ya mbabula ya hukumu.

Wiki iliyofuata alikuja na kikundi chote cha maombi. Kisha wakaja waume zao. Wakatoliki wakadai joka lao. Kisimani watu waliacha kuulizana kuhusu mishahara, wakaulizana kuhusu pango, na watu wazima wakaanza kumwamkia Solange.

Baba alikuja wa mwisho. Solange alimuuliza anataka kuwa nani: mpiganaji, mchawi, mfalme?

"Minye niko tourneur," akasema.

Solange alipekua kitabu. Fundi wa kuchonga vyuma hakuwamo. Basi akampa karakana katika mji wa wale wafupi, na mashine iliyolala muda mrefu. Baba akarusha dadu.

"Inawaka, papa," akasema Solange.

Baba akatueleza polepole jinsi anavyoipaka grisi, chuma anachokishika, mlio anaousikiliza. Hakuna aliyemkatiza, hata Mama Régine, ambaye zamu yake mchezoni ilikuwa imemwacha bibi harusi mikononi mwa majambazi.

Mwaka jana, Lubumbashi, binti wa Solange alinipeleka kwenye mkahawa ambako vijana hukaa na dadu zilezile, wamevaa fulana zenye picha za majoka, na kwenye meza moja wanasherehekea siku ya kuzaliwa. Sisi tulicheza kwa kukosa vingine vyote. Hawa huacha vingine vyote waje kucheza. Nilifurahi, na nikaona wivu kidogo. Kijana mmoja mwenye adabu alinifafanulia kanuni taratibu, kama mtu anayemfundisha bibi yake simu. "Tantine, usiogope, ni muchezo tu." Nikamwacha amalize. Kisha, kwa kuwa Mama Régine hakuwepo kunizuia, nikachagua mpiganaji, nikalivamia lango kwa upanga, na nikafa kabla soda yangu haijafika.