Inatikisa Wapi?

Fundi wetu hapa Bariadi huvua ndala kabla ya kuingia kwenye gari la mtu, kama anaingia sebuleni, na kuzisukuma chini ya kiti. Tangu magari ya mitumba kutoka Japani yaanze kumiminika, kila dereva ambaye gari lake linatetemeka akikanyaga breki humuuliza swali moja: “Inatikisa mikono au makalio?” Mikono, shida iko mbele; makalio, iko nyuma. Mimi namfundisha binti yake, kwa hiyo gari langu lilipoanza kutetemeka, aliniuliza nusu tu. “Inatikisa mikono, mayu?” akasema, akiniita “mama” kwa Kisukuma. “Kidogo,” nikasema, nikaona haya kumalizia. Akashinda asubuhi nzima na magurudumu ya mbele, huku mama yangu akisubiri nimpeleke Malampaka, awahi treni ya Mwanza akatibiwe macho. Tulipojaribu breki, wote watatu ndani, gari likatetemeka vilevile. “Fundi,” mama akasema kutoka kiti cha nyuma, “sioni, ila makalio yangu hayajapofuka.” Fundi akateremka miguu mitupu, akazama nyuma ya gari, hakuinuka hadi alipomaliza. Mama alipomshukuru, alilijibu gurudumu: “Safari njema, mayu.” Treni tuliiwahi, na ndala za fundi tukazikuta chini ya kiti.