Zimwi la Sehemu ya Tisa

Fundi makochi aliwahi kutokea kwenye televisheni mara moja tu, na sura yake haikuonekana, maana ilikuwa ndani ya sponji.

Alikuwa kijana wakati huo, mrefu kama mlingoti. Tajiri wake alimtuma apeleke sponji na vitambaa mahali walipokuwa wakitengeneza Mabaharia wa Zohali, ule mchezo wa watu wanaoishi angani ndani ya chombo. Mwongoza mchezo alimtazama tangu utosini hadi unyayoni, akasema, "Huyu huyu. Mvisheni." Wakamzungushia magodoro mwili mzima, wakampaka rangi ya majivu, wakamwachia tundu la kupumulia usawa wa mdomo. Akaambiwa yeye ndiye Mfalme wa Mawe, ajitokeze kwenye moshi, asukume ukuta wa chombo, kisha anyanyue jabali juu ya kichwa cha Kamanda. Akasukuma. Akanyanyua. Hakuona kitu, ila alisikia watu nyuma yake wakipiga kelele na kugonga meza, akajua wanamshangilia.

Siku mchezo uliporushwa, umeme ulikatika mtaa mzima. Haukurudiwa tena, na baadaye zikaja habari kwamba mkanda wa sehemu ile ya tisa umepotea.

Basi akabaki na hadithi. Mkewe alifariki mtoto wao akiwa bado wa kubebwa, na fundi akamlea binti huyo kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na sindano ya makochi. Mtoto akikataa kula, alisimuliwa Mfalme wa Mawe. Akiogopa radi, Mfalme wa Mawe. Shuleni walipomcheka kwa sababu sketi yake ilikatwa kwenye kitambaa cha makochi, aliwajibu akiwa amekaza shingo, "Baba yangu aliinua jabali kwenye televisheni. Wako aliinua nini?" Fundi hakuwa na nyumba yake wala shamba, na mgongo ulishaanza kumpinda kwa kuinamia fremu za mbao. Alichokuwa nacho ni vile binti yake alivyomtazama. Wengine huiweka heshima yao kwenye cheo, wengine kwenye mali. Yeye yote aliiweka pale.

Binti akawa mtu mzima, akaajiriwa duka la dawa, akaolewa, akaachwa. Alirudi kwa baba na mtoto wa kike mgongoni, mtoto anayeota meno, kila anachoshika anakitafuna na udenda unamchuruzika hadi kifuani. Tangu arudi, fundi hakuwa amekisikia kicheko cha binti yake. Alikuwa akila kimya, akimwogesha mtoto kimya, na kazini wenzake walikuwa wakimwita "maskini" hata mbele yake.

Jioni moja akaingia karakana bila hata kuvua mkoba.

"Baba, wewe si ulikuwa sehemu ya tisa?"

Fundi akaitema misumari mkononi. "Ya tisa, ndiyo."

"Imepatikana! Kuna mashabiki wanakutana kila Jumamosi, kile chumba cha juu ya duka la rangi. Wanaionyesha wiki hii. Tunaenda, na huyu anakuja amwone babu yake."

Fundi alinyoa ndevu mara mbili Jumamosi hiyo.

Chumba kilikuwa na pazia jeusi dirishani, viti vya plastiki, na projekta iliyowekwa juu ya kreti ya soda. Mwenyekiti wao alikuwa muuza makava ya simu, ambaye walimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa mdomo. Fundi aliingia akidhani amefika kwa watu wanaoupenda mchezo ule. Waliupenda kweli, ila waliupenda kama mtaa unavyompenda mlevi wake: asipopita, siku haijakamilika, na akipita, kazi ni kumcheka tu. Picha ilikuwa ikienda, na yeyote aliyeona dosari alipaza sauti, "Kosa!" Hapo picha inasimamishwa, ubishi unaanza.

"Kosa!" alisema dada mmoja msusi. "Angani hakuna upepo. Mbona pazia la Kamanda linapepea?"

"Feni hiyo," alijibu fundi friji, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuutetea mchezo hata pasipo na utetezi.

"Feni ya nini, na huko nje baridi kuliko hayo mafriji yako?"

"Wana umeme wa bure, waache wapepewe."

"Haya, na Kamanda? Sehemu ya tatu kafa, tumemzika, tumelia. Sehemu ya tano huyo hapo anakunywa chai."

"Ni pacha wake."

"Pacha ana kovu lile lile?"

"Walizaliwa nalo!"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akataja hewa ya mabaharia, kwamba ni mtungi wa gesi wa kupikia. Mwingine akasema nyota zimening'inizwa kwa uzi na moja inazunguka kama ya harusini. Profesa akanyanyua mkono.

"Hayo makosa ya chekechea. Leo tutajua kama lile zimwi lipo kweli au ni maneno ya wazee."

"Lipo," alisema msusi. "Shangazi yangu aliliona siku ile ile. Alicheka hadi wakammwagia maji."

Fundi akamwinamia binti yake. "Zimwi gani?"

"Labda kuna mwingine, baba. Wewe si mfalme?" Binti akasimama, mtoto begani. "Samahanini. Mfalme wa Mawe wa sehemu ya tisa ndiye huyu hapa. Ni baba yangu."

Vichwa vyote vikageuka. Msusi akamkanyaga fundi friji mguu. Profesa akavua miwani, akaifuta polepole kwa shati, akaivaa tena.

"Mzee wetu! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Na wewe unakaa huko nyuma? Haiwezekani. Leteni kiti mbele. Hapa katikati, kila mtu amwone vizuri."

Fundi akakaa mbele. Binti akakaa ubavuni mwake, amejaa kama aliyevikwa taji.

Taa zikazimwa. Moshi ukatanda ukutani, na ndani yake akatoka yeye. Fundi hakuwa amewahi kujiona. Lo, alikuwa mkubwa! Mabega kama mlango, mikono kama magogo, anatembea taratibu na mabaharia wanarudi nyuma. Mjukuu akapiga ukelele wa hofu, akauficha uso kwenye kifua cha mama yake na kuilowesha blauzi kwa udenda na machozi. Katika chumba kile chote, mtoto peke yake ndiye aliyeogopa, na moyo wa fundi ukafura kama unga wa hamira.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona, baba."

Mfalme wa Mawe akasukuma ukuta. Ukuta ukayumba wote, Kamanda akauzuia kwa bega usimwangukie. "Kosa!" wakasema wawili watatu, lakini kwa sauti ndogo, kama watu wanaotunza nafasi tumboni. Kisha Mfalme akageuka kuchukua jabali, na mgongo wake ukaelekea kwa watazamaji.

Zipu ya vazi lake ilikuwa imepasuka, tangu shingoni hadi mapajani. Ndani yake kulikuwa na mgongo mwembamba wa kijana, na chini ya mgongo chupi kubwa, pana, ya maua mekundu, aliyojishonea mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha makochi. Mfalme akanyanyua jabali na kulitupa. Jabali likadunda juu ya kichwa cha Kamanda kama mpira, likarudi, likampiga yeye. Akaanguka kifudifudi, matako juu, na hakuweza kuinuka. Maua yakaujaza ukuta. Ndipo zikasikika kelele za wale waliokuwa nyuma yake siku ile, na meza zikigongwa, safi kabisa, hazina shaka. Walikuwa wakicheka.

"Kosa! Kosa! Kosa!"

Viti vilianguka. Msusi alikaa sakafuni akishika mbavu. "Rudisha!" wakapiga kelele, Profesa akarudisha, fundi akaanguka tena. "Rudisha!" Akaanguka tena. Profesa akaipeleka picha kinyumenyume, matako yakapanda yenyewe, jabali likaruka, umati ukalia kwa raha.

"Wewe mtetezi," Profesa akamwita fundi friji, "tetea hili."

Fundi friji alifuta machozi. "Hili, ndugu zangu, hata mimi nanawa mikono."

Fundi akamgeukia binti yake. Alikuwa amejaza kitambaa cha mtoto mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka. Mzee akanyoosha mkono amshike, amwambie asilie, yatapita. Kitambaa kikaanguka, na kicheko kikatoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Baba! Maua! Uwii, baba, maua!"

Mtoto alikuwa bado analia. Mama yake akamgeuza uso kuelekea ukutani. "Nyamaza, si zimwi, ni babu. Ona, ona matako ya babu!"

Taa zikawashwa. Profesa akamshika fundi mkono. "Mzee, simama tupige picha. Geuka. Sasa inama kidogo, kama vile."

"Nina mgongo, mwanangu."

"Kidogo tu."

Fundi akamtazama binti yake. Uso wake ulikuwa umefunguka, unang'aa, kama alivyokuwa kabla ya ndoa, kabla ya kuitwa maskini.

"Inama, baba," akasema. "Utani tu."

Akainama. Simu zikanyanyuliwa. Kura zikapigwa kwa makofi, na zimwi la sehemu ya tisa likatangazwa kuwa Kosa Kuu la mchezo mzima.

Njiani kurudi binti alisimama mara kwa mara, akaegemea ukuta, akacheka upya.

"Na miaka yote ulikuwa unanidanganya."

"Sikukudanganya, mwanangu. Sikuwa nikiona. Nilisikia wanashangilia."

"Wanashangilia!" Akajishika tumbo. "Jamani, usiniue."

Kufika Jumatatu, picha zilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Wateja wakaja karakana na maneno: "Fundi, kochi langu liwe la maua, ila zipu uikaze." Mara ya kwanza alicheka nao. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye akawa anakaa na misumari mdomoni hata asipogongelea kitu, maana mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maswali.

Duka la dawa nalo likachangamka. Wasichana waliokuwa wakimhurumia binti sasa walimgombea kwenye benchi la chakula cha mchana. "Tusimulie, mtoto wa zimwi!" Naye alisimulia, na kila siku aliongeza chumvi. Mzee anagonga kichwa. Mzee analia ndani ya sponji. Siku fundi alipompelekea ufunguo aliousahau, alimkuta katikati ya duka ameinama, wenzake wamemzunguka. Binti alimwona. Hakuacha. Alimkonyeza.

Wiki ile Profesa akaja karakana. Walikuwa wanaandaa mkutano mkubwa, mashabiki wa miji mingine watakuja, na walitaka zimwi lenyewe, hai, jukwaani.

"Hapana," alisema fundi. "Mtafuteni kijana. Sponji ni sponji, hakuna atakayejua."

"Mzee, binti yako ameshakubali. Yeye ndiye atakayeshika maikrofoni."

Binti aliporudi, fundi alimngoja amalize kumnyonyesha mtoto.

"Umekubali bila kuniuliza."

"Baba, usiniangushe. Nimeshatangaza kazini. Wanakuja wote." Akamfuta mtoto mdomo. "Toka lini nimekuwa na kitu changu mimi? Toka lini watu wamefurahi kuniona?"

Fundi aliangalia mikono yake. "Nitavaa. Lakini zipu niishone, ifungwe kabisa. Ninyanyue jabali tu, kama nilivyokuwa nakusimulia."

"Sasa watu wanakuja kuona nini?"

"Ulikuwa unaipenda ile ya jabali."

"Nilikuwa mtoto, baba."

Aliposema hivyo hakuwa na hasira, ndiyo maana fundi hakupata pa kushika. Mtu akikukasirikia unaweza kungoja apoe. Huyu alikuwa amepoa tayari.

Alichukua sponji nzuri, ngumu, ile aliyokuwa akiiweka kwa makochi ya wenye pesa. Akakata mabega, akakata magogo ya mikono, akapaka rangi ya majivu na kuianika uani. Kisha akaushughulikia mgongo. Zipu akaing'oa meno katikati, akaipitishia uzi wa nailoni ambao mtu aliye ndani angeuvuta kwa kidole ikafunguka yote. Kitambaa cha maua alikitafuta maduka matatu, kwa sababu binti alisema mekundu hasa, si ya waridi. Hakuna kazi aliyowahi kuishona kwa makini vile.

Jumapili asubuhi akaivaa, waijaribu. Binti alikaa kwenye kochi lisilomaliziwa, mtoto mapajani anatafuna kipande cha sponji, simu mkononi. Fundi alikuwa gizani tena, anapumua kwa tundu.

"Haya, geuka," sauti ya binti ikamfikia. "Inama."

Akainama. Akavuta uzi.

"Imekwama kiunoni. Tena."

Akavuta tena.

"Inama zaidi, baba, maua hayaonekani."

"Mgongo, mwanangu."

"Zaidi kidogo."

Akainama hadi kichwa kikagusa sakafu, akavuta uzi, na zipu ikaachia yote kwa mkupuo. Baridi ya asubuhi ikampiga mgongoni. Akasikia binti yake akicheka, kisha hatua zake zikikimbilia mlangoni.

"Hapo hapo, baba!" akapaza sauti. "Usiinuke, naita majirani."

Akabaki ameinama.