Kioo cha Kifaransa Chumbani kwa Mama

Utotoni mwangu tuliishi Guangzhou, China, ghorofa ya tisa, kichochoro cha nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu: mimi, mama, na mdogo wangu Nasri aliyezaliwa huko huko. Baba alikuwa Unguja akipokea mizigo, mama ndiye mnunuzi. Hadi leo nikimkumbuka mama wa siku zile, namwona kaketi ukingoni mwa kitanda, kachoka hata kuvua viatu.

Nasri alikuwa na miezi miwili kile kioo kilipoletwa. Kilikuwa kioo cha kujipambia, cha Kifaransa cha zamani, fremu yake ya shaba iliyopakwa dhahabu, na pembeni vibao vya kaure vilivyochorwa mawaridi na vitoto vya Kizungu vyenye mbawa. Jamani, kilikuwa kizuri! Familia moja ya Unguja ilikiagiza kwa chumba cha bibi harusi. Mama alikuwa amechangia kontena na wafanyabiashara wenzake, nalo lilikuwa halijajaa. Stoo hakuiamini, maana wabebaji wanarusha kila kitu kama gunia la mchele. Basi akakisimamisha chumbani kwetu, mkabala na kitanda.

Mama akampigia simu bibi yetu, mama yake mzazi, ajisifu kidogo. Bibi hakusifu chochote.

"Kifunike," alisema. "Mtoto asijione kiooni kabla hajaota meno. Ulimi utakuwa mzito, hatosema."

"Mama nawe! Huku China."

"Kwani huko watoto hawana ndimi?"

Mama alicheka, lakini alikata simu akachukua kanga akakifunika. Akaniambia mimi, wa miaka minane, kwamba akishuka kufunga mizigo nisiiguse ile kanga.

Nikaigusa. Mchana mmoja nilijipaka rangi yake ya mdomo nikataka kujiona nilivyo bibi harusi. Nasri akaanza kulia, nikambeba, na kanga nimeshaifunua. Akanyamaza pale pale. Alijitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka kwa ufizi mtupu. Nikakumbuka maneno ya bibi. Nilirudisha kanga mbio mbio, wala sikumwambia mtu.

Kontena lilijaa, kioo kikaenda zake. Meno ya Nasri yakaota. Maneno hayakuja. Akatimiza miaka miwili, mitatu, minne, ni kelele tu zisizo na kichwa wala miguu. Bibi alituma kombe kwa wasafiri, aya zilizoandikwa kwa zafarani, nami ndiye niliyezikoroga kwa maji na kumnywesha, huku nikiomba Mungu anisamehe. Wenzake mama wakimuuliza, alijibu harakaharaka, "Atasema tu, wengine huchelewa." Hakunitazama akisema hivyo. Nikadhani anajua.

Nasri alikuwa anakaribia miaka mitano siku mama mwenye nyumba, Mchina tuliyemwita Ayi, alipopanda kusoma mita ya umeme. Aligonga mfuniko wa sufuria kwa kiwiko, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Mimi niliruka, mama aliruka. Nasri, aliyekuwa ametugeuzia mgongo, aliendelea kupanga vigari vyake. Ayi akamwendea kwa nyuma, akapiga makofi kisogoni pake. Hakugeuka.

"Tingbudao," akasema taratibu. Hasikii.

Hospitali walithibitisha kwamba alizaliwa kiziwi. Daktari aliuliza jambo moja tu: mbona mmechelewa hivi kumleta? Mama akajibu kwamba kazi zilikuwa nyingi. Nilijua anadanganya, ila sikujua kwa nini.

Mwaka huu, nikiwa na miaka ishirini na sita, tulikuwa kwenye basi tukirudi Guangzhou kutoka mji wa Shiling kununua mikoba, Nasri kiti cha mbele yetu. Sijui kama ni uchovu ulionifungua kinywa, nikamweleza mama habari ya ile kanga.

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini?"

"Nilimwonesha. Kila alfajiri, Zuwena. Akilia, na mimi usingizi unaniua. Nikifunua kanga ananyamaza. Basi niliamini nimemfunga ulimi mwenyewe. Ningemwambia nini daktari?"

Nilimkasirikia, kisha nikamwonea huruma, kisha nikalia naye. Bibi, Mungu amrehemu, simlaumu, alitupa onyo alilopewa na mama yake. Ila kila mmoja wetu alikuwa na uhakika wa kosa lake, akalificha, na mtoto akakaa karibu miaka mitano bila mtu kumpima masikio wala kumfundisha ishara hata moja. Lingesemwa neno moja ndani ya chumba kile, angepelekwa mapema. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo.

Nasri aligeuka, akatukuta tunafuta machozi. Akauliza kwa mikono: kuna nini?

Mama anajua ishara chache tu, kula, njoo, lala. Zangu zinatosha kueleza kila kitu. Nikainua mikono, nikamjibu: tumechoka tu.